Safari ya kwanza ya meli na wenzako: afya yako na ya mtoto

Vikundi vingi vya akina mama huku Nyanda za Juu Kusini vilianza kwa ajili ya ada za shule na mabati. Siku hizi kikoba kikivunjwa mwisho wa mwaka, utasikia mtu akisema, "Safari hii tutembee na sisi." Wa Mbeya hushuka Kyela kuona Ziwa Nyasa, na wengine hupanda meli pale Kiwira. Wa Iringa na Mafinga wanapenda zaidi kwenda Dar es Salaam na kuvuka hadi Unguja. Ni jambo jema, kwani mama anayepumzika humlea mtoto vizuri zaidi. Lakini wengi wetu tumekulia milimani. Hatujui kuogelea, hatujawahi kukaa kwenye chombo kinachoyumba, na mara nyingi tunasafiri na mtoto mgongoni. Makala hii inahusu mambo ya kujua kabla hujalipa nauli.

Nani aulize kliniki kwanza

Mjamzito mwenye afya njema anaweza kupanda boti ya saa mbili kutoka Dar hadi Unguja. Miezi ya katikati, wa nne hadi wa sita, ndiyo yenye nafuu: kichefuchefu cha mwanzo kimepungua na tumbo bado halijawa zito. Baada ya hapo fikiri vizuri. Kampuni nyingi kubwa za meli za kitalii duniani hazimchukui mama aliyeingia wiki ya 24 ya ujauzito, kwa sababu melini hakuna pa kumfanyia upasuaji wala pa kumtunza mtoto njiti. Sababu hiyo inatuhusu hata sisi, na Ziwa Nyasa zaidi ya Unguja. Meli ya kutoka Kiwira kwenda Mbamba Bay hupita saa nyingi chini ya milima ya Livingstone, na baadhi ya vijiji vya huko hufikiwa kwa maji au kwa miguu tu. Uchungu ukianza mapema ukiwa katikati ya Lupingu na Manda, hakuna gari la wagonjwa litakalokufikia haraka. Mimi mama wa miezi saba na kuendelea namshauri afurahie ziwa akiwa Matema, ufukweni. Pana mchanga, pana upepo, na hospitali ya Kanisa la Kilutheri iko hapo hapo.

Ukienda, beba kadi ya kliniki. Damu ikitoka, maji ya uzazi yakipasuka, kichwa kikiuma sana pamoja na kuona maruweruwe, uso na mikono ikivimba, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, safari imeishia hapo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Namba 115 ya m-mama haina malipo na ipo kwa ajili ya dharura za wajawazito na watoto wachanga.

Mama aliyejifungua karibuni asikae saa kumi na mbili kwenye basi bila kunyoosha miguu. Katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, damu huganda kwa urahisi kwenye mishipa ya miguu. Shuka kila basi linaposimama, utembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiuchue kwa mafuta. Wahi kituo cha afya.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kusafiri, ila maji yasimpungukie na baridi isimpige. Basi la usiku kutoka Mbeya lina baridi, Dar kuna joto la kutoa jasho, na kwenye sitaha ya boti kuna upepo. Hali hizo tatu ndani ya siku moja zinaweza kumletea maumivu makali. Mvalishe nguo zinazovulika moja moja, mpe maji mara kwa mara, na dawa zake asizikose hata siku moja.

Kulewa bahari

Watu wa pwani wana neno zuri, kulewa bahari, maana kweli mtu huwa kama mlevi: kichwa kinazunguka, mate yanajaa mdomoni, jasho la baridi linatoka, kisha anatapika. Si uchawi wala udhaifu wa moyo. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachoueleza ubongo kwamba mwili unasogea. Ukikaa ndani ya meli, macho yanaona kiti kilichotulia na ukuta uliotulia, huku sikio likisema tunapanda na kushuka. Ubongo ukipokea taarifa mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa.

Kipimo rahisi unacho tayari. Kama wewe ni wa kutapika kwenye kona za Kitonga, au basi la Kyela likianza kuteremka kutoka Tukuyu unaomba mfuko, basi na meli itakusumbua. Jiandae mapema. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuka zaidi. Wa chini ya miaka 2 ni mara chache sana kulewa chombo, na hili nakuomba ulishike: mtoto mchanga akitapika mfululizo melini, usiseme "ni bahari tu". Mpime joto, angalia kama ananyonya, angalia kinyesi chake. Huenda ana ugonjwa ulioanza tangu nyumbani.

Kosa la wengi ni ratiba. Basi linafika Dar alfajiri, kikundi kinachukua bajaji moja kwa moja hadi bandarini, boti ya asubuhi inaondoka, na mtu hajalala wala hajala. Uchovu na tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Kama fedha inaruhusu, laleni Dar usiku mmoja. Kama hairuhusu, pandeni boti ya mchana. Kula kitu kikavu na chepesi saa moja kabla: mkate, viazi vya kuchemsha, ndizi. Chipsi mayai na supu yenye mafuta ziache hadi ufike.

Kaa katikati ya chombo, ghorofa ya chini, mbali na pua ya meli, kwa sababu katikati huyumba kidogo kuliko kwingine. Tazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Usisome na usitazame simu. (Picha za kikundi zipigwe bandarini.) Upepo wa hewa safi husaidia. Mtoto aketi upande anaoweza kuona nje, umwoneshe visiwa na ngalawa za mbali. Tangawizi, iwe chai au kipande cha kutafuna, huwasaidia baadhi ya watu, na kwa mjamzito haina shida kwa kiasi cha kawaida cha jikoni.

Dawa zipo. Promethazini ndiyo inayojulikana zaidi kwenye maduka ya dawa. Hufanya kazi ikinywewa saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Ukisubiri mpaka uanze kutapika, utaitapika pamoja na chakula. Asipewe kamwe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake. Mkubwa kidogo apewe kwa kipimo cha mfamasia, si nusu ya kidonge cha mama kwa kukadiria. Kwa mjamzito na anayenyonyesha, muulize mhudumu kwanza. Na dawa hii huleta usingizi mzito. Ukiinywa, kabla hujasinzia mkabidhi mwenzako mtoto kwa maneno, "Dada, mshike huyu, mimi nimekunywa dawa." Usidhani tu kwamba kuna mtu anayemwangalia.

Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, ameze kingine. Akiendelea kutapika au kuharisha zaidi ya siku mbili, atumie kondomu pamoja na vidonge mpaka ashauriane na mhudumu.

Mtoto mgongoni na jaketi okozi

Kama utasahau mengine yote, hili usilisahau.

Sisi hubeba mtoto mgongoni kwa mbeleko. Barabarani na shambani hakuna njia iliyo bora. Melini ni hatari, na sababu yake ni namna jaketi okozi lilivyotengenezwa. Jaketi zuri humgeuza mtu alale chali, uso ukitazama juu, ili hata aliyezimia aweze kupumua. Maana yake mgongo wako ndio uliomo ndani ya maji. Mtoto aliyefungwa mgongoni atakuwa chini yako, uso majini, huku wewe unaelea salama juu yake, na fundo la mbeleko iliyolowa halifunguki kwa vidole vinavyotetemeka. Ukivaa jaketi juu ya mtoto mgongoni, ni vilevile, tena utambana.

Kwa hiyo ukishaingia melini na kukaa, fungua mbeleko. Mpakate mtoto mbele yako, bila kumfunga. Halafu mwulize baharia, kabla chombo hakijang'oa nanga, "Jaketi za watoto ziko wapi?" Kila abiria anapaswa kuwa na lake, na mtoto ni abiria. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto kwa sababu atachomoka kwa chini. Likimfaa, ukilishika kwenye mabega na kulivuta juu halipandi kupita kidevu chake. Kamba ya kupita katikati ya miguu, kama ipo, ifungwe. Ukiambiwa hakuna za watoto, una haki ya kushuka na kusubiri chombo kingine. Najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya ukiwa na mabegi matatu na wenzako kumi wameshakaa, lakini ndiyo ushauri wangu.

Jaribu kuvaa jaketi lako mara moja, hata kama watu watakucheka. Wanaotoka Dar mara nyingi huoneshwa namna ya kulivaa, iwe kwa video au na mhudumu. Acha soga dakika hizo chache. Tazama pia mlango wa kutokea ulio karibu nawe, na mpange mapema nani atamshika mtoto yupi. Mama mwenye watoto watatu ana mikono miwili tu.

Chombo kikijaa

Nchi yetu imelipa gharama kubwa kwa vyombo vilivyojaa kupita kiasi. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Siandiki haya kukutisha usisafiri. Boti za Unguja huvuka kila siku, na meli yetu ya MV Mbeya II ina nafasi 200 za abiria zinazojulikana. Nayaandika kwa sababu abiria mwenyewe anaweza kuona chombo kilichojaa kabla ya kupanda: watu wamesimama kwenye njia na ngazi, mizigo imefunika milango, chombo kimezama chini au kimeinama upande mmoja.

Upepo nao una majira yake. Pwani, kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hasa Juni na Julai, na MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 bahari ikiwa imechafuka. Ziwa Nyasa nalo hupigwa na upepo mkali wa kusini-mashariki kati ya Mei na Agosti. Mawimbi yake si madogo kwa sababu tu ni ziwa. Safari ya kwanza na watoto ni bora ifanyike nje ya miezi hiyo. Meli ikiahirishwa kwa hali ya hewa, msimgombeze nahodha.

Tatizo kubwa la kusafiri kikundi ni aibu. Mtu mmoja anaona mtumbwi wa injini umejaa, lakini wenzake wameshapanda, fundi wa boti anasema "dakika kumi tu tumefika", na hataki kuitwa mwoga. Anapanda. Ndiyo maana nawashauri mkubaliane mkiwa bado nyumbani, kwenye kikao, na katibu aandike: mmoja wetu akikataa kupanda chombo, sote hatupandi. Hatahojiwa wala hatataniwa. Na fedha ya akiba ya kulala usiku mmoja wa ziada iwepo kwenye bajeti, maana watu hupanda chombo kibovu pia kwa kukosa fedha ya kulala.

Tiketi ziandikwe majina halisi, na jina la mtoto liingie kwenye orodha hata kama hakulipiwa nauli. Pombe melini, kwa mama mwenye mtoto, hapana.

Joto, maji na chakula

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ukifika Kyela au Dar, mtoto aliyezoea sweta na kofia ya sufu hutokwa jasho jingi bila wewe kugundua. Mvue. Nguo moja nyepesi ya pamba inatosha, na kofia ya jua.

Hapa bibi na mashoga watakuambia umpe mtoto maji kwa sababu "kuna joto". Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata Dar mwezi wa Februari. Maziwa yako yana maji ya kumtosha. Anachohitaji ni kunyonya mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe kunywa maji zaidi. Maji ya safarini ndiyo yanayowaletea watoto hawa kuharisha.

Wakubwa wanywe maji yaliyochemshwa, ya chupa iliyofungwa, au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji. Juisi za barabarani na barafu siziamini, maana hujui maji yake yametoka wapi. Samaki na pweza wa Forodhani ni watamu, kuleni, ila viwe vya moto vilivyotoka jikoni mbele yako.

Beba pakiti tatu au nne za ORS. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, na yanayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Mtoto anayetapika mpe kijiko kimoja kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika tena, subiri dakika kumi, uanze upya polepole zaidi. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, mpeleke kituoni.

Dawa zako za kila siku, ziwe za presha, sukari, kifafa au ARV, zikae kwenye mkoba wa mkononi, na ziongezwe za siku tatu juu ya siku za safari. Begi kubwa huenda kwenye chumba cha mizigo na huwezi kulifikia katikati ya maji.

Unayemwacha nyumbani

Wengine husafiri na kumwacha mtoto kwa bibi au dada wa kazi. Kama bado ananyonya maziwa peke yake na hajafika miezi 6, mimi ningemchukua au ningesubiri. Ukimwacha mkubwa zaidi, mwachie mlezi kadi ya kliniki, fedha ya nauli ya kwenda kituoni, na ruhusa ya kumpeleka bila kukusubiri upokee simu, kwa sababu katikati ya ziwa mtandao unaweza kukosekana. Mwambie dalili nne ambazo hazingoji asubuhi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Mbu, maji ya ziwa, na siku za baada ya kurudi

Iringa, Njombe na sehemu za juu za Mbeya zina malaria kidogo kuliko Kyela na sehemu nyingi za pwani. Hiyo ni baraka yenye upande wa pili: mtu aliyekulia kwenye baridi, hasa mtoto, hana kinga iliyojengeka, na malaria humpiga vibaya zaidi. Bebeni vyandarua vyenye dawa, msitegemee cha nyumba ya wageni chenye matundu. Jioni vaeni mikono mirefu. Mjamzito asikose dozi yake ya SP ya kliniki kwa sababu ya safari.

Ziwani, kichocho hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, sehemu ambazo watoto hupenda kuchezea. Ogeni kwenye mchanga mweupe wenye mawimbi, mbali na matete na midomo ya mito, ambako pia kuna mamba. Unguja hatari ni nyingine: maji hupwa na kujaa. Mchanga mliotembea asubuhi kwa miguu unaweza kuwa chini ya maji mchana, na mtoto wa milimani hajui hilo. Waulizeni wenyeji saa za maji kabla ya kwenda mbali.

Malaria huchukua kwa kawaida siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa. Ukienda Ijumaa na kurudi Jumatatu, homa itakukuta nyumbani Makete au Mufindi, wakati umeshasahau safari. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja au hata miwili baada ya kurudi, mpeleke siku hiyo hiyo apimwe, na useme mwenyewe bila kusubiri kuulizwa: "Tulikuwa Kyela," au "Tulikuwa Unguja." Mhudumu wa sehemu yenye baridi anaweza kuanza kufikiria mafua na nimonia, na sentensi yako hiyo moja itamkumbusha kipimo cha malaria. Damu kwenye mkojo wiki kadhaa au miezi baada ya kuoga ziwani, hata tone la mwisho tu, ni sababu ya kupima kichocho. Dawa yake ipo na inaponya.

Kama kikundi chenu kinapanga safari, mwiteni mhudumu wa afya wa kata yenu kwenye kikao kabla hamjakata tiketi. Aje na kadi za watoto azikague, na anayedaiwa chanjo aichome kwanza.